Kweli au si kweli: muziki wa gemu hauna heshima

Mtaje Handel mbele ya wanakwaya wa Katesh, Dongobesh au Haydom, na wengi hawatakuuliza ni nani. Haleluya Kuu wameiimba, au wameisikia ikiimbwa kwa sauti zote nne. Sasa taja muziki wa gemu. Picha inayowajia ni kibanda cha karibu na stendi, watoto waliotoroka shule, televisheni iliyopandishwa sauti na mzazi anayekuja na fimbo. Kati ya Handel na kibanda kumejaa madai, na mengi yanasemwa kwa kuambizana tu. Nachukua yale ninayokutana nayo mara nyingi.

Dai: “Baba Yetu” ni wimbo wa zamani wa Kiafrika.
Si kweli. Watu hutumiwa video yake kwenye simu, wanasikia Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwaya kubwa na ngoma nyuma yake, wanahitimisha kwamba ni urithi wa mababu au wimbo wa misheni fulani. Uliutunga mkono wa Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina aliyezaliwa California mwaka 1976, kwa ajili ya Civilization IV, gemu ya kompyuta iliyotoka mwaka 2005. Kazi hiyo aliipata kupitia Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hiyo, ambaye waliwahi kukaa chumba kimoja Chuo Kikuu cha Stanford. Waimbaji wa kwanza walikuwa Stanford Talisman, kundi la wanafunzi wa chuo hichohicho. Gemu inamtaka mchezaji ajenge dola tangu enzi za kale, na wimbo unamkuta kwenye menyu, kabla hajagusa lolote.

Maneno ni ya kwetu, kwa kiasi. Mkatoliki amezoea kuomba mkate, Mlutheri riziki; wimbo unaomba chakula, kama ilivyo katika Biblia Habari Njema. Na Tin alijipa uhuru ambao paroko asingempa. Amina inaimbwa mapema, sala haijafika popote, na “yetu” inarudiwa pale muziki unapoitaka hata kama sarufi haina haja nayo.

Dai: mtindo wake ni mgeni kwa masikio ya Mbulu.
Si kweli hata kidogo. Wairaqw wana slufay, sala ya kishairi ambayo mzee huitoa mbele ya watu: anatamka mstari, waliohudhuria wanaitikia kwa pamoja, anashika mstari unaofuata, wanaitikia tena, mpaka mvua, mifugo, watoto na amani ya nchi vyote vimeombewa. Humo Mungu ni Looaa, na Looaa ni mama. Simaanishi kwamba mtunzi wa California aliokota kitu huku. Ninachosema ni kwamba kiongozi kupokezana na waitikiaji wake, ambako ndiko kunakousukuma “Baba Yetu” tangu mwanzo hadi mwisho, mzee wa Mbulu hahitaji kufundishwa na mtu. Ukiniuliza nani ananyimwa heshima zaidi katika mjadala huu, nitamtaja mzee huyo kabla ya mtunzi yeyote wa gemu.

Dai: muziki wa klasiki ulitungwa kwa ajili ya sanaa tupu, wa gemu kwa ajili ya biashara.
Si kweli, na hapa ndipo hoja ya wanaodharau gemu inapovunjika mguu. Messiah, kazi yenye ile Haleluya Kuu, haikuanzia kanisani. Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742 katika ukumbi wa muziki wa Mtaa wa Fishamble, Dublin. Handel alipoipeleka London mwaka uliofuata aliiweka kwenye jumba la maigizo la Covent Garden, na wacha Mungu wakanung'unika: iweje Maandiko yaimbwe pale wanapoimba waigizaji? Tangazo la onyesho hata halikuthubutu kutaja jina Messiah. Leo wimbo huohuo ukiimbwa Pasaka hakuna anayekumbuka kwamba ulishawahi kushtakiwa kwa kuzaliwa mahali pabaya.

Joseph Haydn naye, tangu 1761, alikuwa mtumishi wa familia tajiri ya Esterházy, na mkataba wake ulimtaka avae sare ya nyumba hiyo. Bach alikuwa mwajiriwa wa mji wa Leipzig, akitakiwa kuwa na muziki tayari kila Jumapili.

Kwa watu wa Haydom nina mfano wa karibu zaidi. Hospitali yao ilifunguliwa 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway. Mtunzi mkubwa kuliko wote katika nchi hiyo ni Edvard Grieg, na muziki wake unaojulikana zaidi duniani, wa Peer Gynt, aliuandika kwa sababu Henrik Ibsen alimwomba muziki wa kusindikiza tamthilia yake, iliyopanda jukwaani 1876. Aliagizwa, akapewa matukio, akajaza mahali palipohitaji sauti. Mtunzi wa gemu leo anafanya kazi iyo hiyo.

Dai: ni milio ya mashine tu, hauna utunzi.
Ulianza na milio ya mashine, hilo ni kweli. Lakini sikiliza kilichofanywa nayo. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, mashine ya Nintendo ilimpa sauti mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, na mvumo wa kelele wa kutengenezea ngoma. Kulikuwa na njia ya tano ya sauti zilizorekodiwa, ila mzigo wote ulibebwa na hizo nne. Mwalimu wa kwaya anayepanga soprano, alto, tena na besi anaijua hesabu hiyo. Kondo alikuwa na tatizo ambalo mwalimu wa kwaya hana: Mario akiruka, mlio wa kuruka unanyang'anya sauti moja ya muziki, inanyamaza kidogo, kisha inarudi. Wimbo ulipaswa kusimama hata sauti mojawapo ikitoweka katikati ya mstari, tena wakati asioujua mtunzi. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika hazina ya rekodi za taifa lake, muziki wa kwanza wa gemu kufika humo.

Dai: hakuna jukwaa kubwa lililowahi kuutambua.
Si kweli. Tarehe 13 Februari 2011 “Baba Yetu” ulichukua Grammy ya upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji, katika rekodi iliyofanywa na Soweto Gospel Choir pamoja na Royal Philharmonic Orchestra. Ndio wimbo wa kwanza kutoka kwenye gemu kushinda tuzo hiyo, na ni wa Kiswahili. Sijui kwa nini jambo hilo halikutangazwa kwetu kwa sauti kubwa zaidi. Tangu 2023 Grammy ina kipengele chake cha muziki wa gemu, na wa kwanza kukishinda alikuwa Stephanie Economou.

Wapenzi wa riadha, ambao Mbulu ndio wenye John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni ya Olimpiki ya Meksiko 1968, wanaweza kuongeza ushahidi mwingine. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, mataifa yote yaliingia uwanjani kwa muziki wa gemu za Kijapani uliopigwa kwa okestra. Bendera ya Tanzania ilikuwemo.

Dai: basi muziki wote wa gemu ni sawa na Bach.
Si kweli, na wanaotetea gemu wanajiharibia wanapolisema. Mwingi ni wa kujaza ukimya. Umetungwa makusudi usisikilizwe, uzunguke palepale hata saa nzima bila kumkera mchezaji. Hata ulio bora hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja na fyuga ya Bach, kwa sababu mtunzi wa fyuga ndiye anayemiliki muda: anajua lini mlango utafunguka na lini utafungwa. Wa gemu hajui mchezaji atakaa pangoni dakika moja au arobaini. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa LucasArts walitengeneza mfumo ulioitwa iMUSE, ambao muziki wake ulibadilika kufuata anachofanya mchezaji, kama mpiga ngoma anavyofuata miguu ya anayecheza. Huo ni ustadi wa namna yake, na unastahili wasikilizaji wanaojua wanasikiliza nini. Kwangu mimi, kazi inayoondolewa kwenye skrini ikabaki na nguvu zake imejitetea yenyewe. “Baba Yetu” ni mojawapo. Nyimbo nyingi za kwenye vibanda vyetu hazimo.

Dai: kwaya zetu haziwezi kuuimba “Baba Yetu”, unahitaji okestra.
Si kweli. Talisman ni kundi linaloimba bila ala kwa desturi yake, na nota za kwaya za wimbo huu zimechapishwa. Anahitajika kiongozi mwenye kifua, waitikiaji wasiochelewa, na mtu wa kuzihamishia nota hizo kwenye do re mi kwa wale wasiosoma mistari mitano. Kigumu kitakuwa ile Amina ya mapema. Katika Misa maneno ya Sala ya Bwana hayachezewi, kwa hiyo mwalimu wa kwaya ya Jimbo la Mbulu atakayeutaka aupange kwenye tamasha, na aandae jibu mapema kwa wazee wa parokia.