Jino jeusi lisilouma

Mzazi aliyewahi kumshika mtoto wa miaka minne mikono na kichwa ili ang'olewe jino anajua kwamba siku hiyo hulia wote wawili. Ndiyo maana wengi wetu hungoja mpaka shavu livimbe, tukijipa moyo kwamba meno ya utoto yatang'oka yenyewe. Yatang'oka, ndiyo, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au hata 12.

Njia ya upole ipo, na moja ilianzia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa Dar es Salaam, alianza kutibu meno bila mashine. Uozo laini hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno yenye floraidi. Umeme hauhitajiki, na mara nyingi hata sindano ya ganzi.

Nyingine ni nyepesi zaidi. Daktari hukausha jino na kulipaka dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Fedha huua vijidudu, floraidi hukaza jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Wazazi wanasemaje? Kutokuwepo kwa kilio kunawafurahisha. Kinachowakera ni rangi: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi kama mkaa, na weusi huo hautoki. Katika utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2017, karibu theluthi mbili ya wazazi waliuvumilia weusi huo kwenye magego. Kwa meno ya mbele hawakufika hata theluthi moja. Lakini walioikubali dawa waliongezeka pale njia nyingine ilipokuwa kumlaza mtoto kwa dawa ya usingizi.

Kwangu mimi, kosa kubwa ni daktari kunyamaza. Mzazi aonyeshwe picha kabla ya brashi kugusa jino, maana akifika nyumbani bibi atauliza mtoto kalishwa nini! Aambiwe pia kwamba dawa haizibi tundu, kwamba kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi sita, na kwamba jino lililokwisha kutunga usaha linahitaji tiba nyingine.