Mkutano wa Simu: Mjumbe wa Mbali Naye Asikike

Katika miaka hii ambayo petroli imekuwa ya kutafutwa kwa tochi, kamati zetu za usalama kazini zimepata taabu kubwa ya kukutana. Sisi wa Zone Industrielle twafika kwa miguu. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura, pamoja na wale wa Gitega, huamka alfajiri kungoja gari ambalo pengine halitakuja. Ndiyo maana mikutano mingi sasa ni nusu kwa nusu, wengine chumbani na wengine kwenye simu.

Mwajiri mmoja alituambia: "Tumieni Zoom ya kampuni, imekwisha kulipiwa." Maneno matamu, lakini katika programu hizi zote mwenye akaunti ndiye mwenye nyumba. Aweza kuona nani amehudhuria, kumnyamazisha msemaji, kumtoa nje, hata kurekodi. Mjumbe anayetaka kusema kwamba mashine fulani haina kinga na itakata mkono wa mtu, atasemaje akiwa sebuleni kwa tajiri? Tena mwaka 2020 serikali ya Marekani iliishtaki Zoom kwa kudai kuwa mazungumzo yamefungwa kwa siri tangu simu hii hadi simu ile, kumbe kampuni yenyewe ilikuwa na funguo. Siku hizi siri hiyo inapatikana, ila mwenye mkutano lazima aiwashe mwenyewe.

Basi akaunti na iwe ya chama. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na sote twajua kwamba katika dakika 40 kamati haijamaliza kubishana juu ya muhtasari wa mkutano uliopita. Google Meet ya bure hutoa dakika 60 wakizidi watu wawili. Jitsi Meet haikati namna hiyo, na mjumbe huingia bila akaunti, ingawa tangu 2023 anayefungua mkutano kwenye mtambo wao wa bure lazima awe nayo. WhatsApp huchukua watu 32, siri yake imefungwa bila kuwashwa, na mjumbe mwenye simu ya kugusa kwa kawaida anayo tayari. Kwa kamati ya watu kumi na watano sisi twachagua WhatsApp bila aibu, na Jitsi tukiwa wengi zaidi.

Wako wanaotaka kuonana nyuso. Hatuwakatazi, lakini saa moja ya mkutano wa picha yaweza kumeza karibu gigabaiti nzima, hali sauti peke yake hula makumi ya megabaiti tu. Mchuma chai hawezi kununua gigabaiti ili atazame ukuta wa ofisi yetu. Picha za mashine na michoro ya fundi zitumwe siku moja kabla, kila mtu azitazame kwa utulivu, kisha kwenye mkutano tuseme: "Tazameni picha ya pili, pale penye mkanda."

Chumbani ndiko kwenye makosa mengi. Watu kumi wakizunguka simu moja, wakacheka na kukatizana, aliye Rwegura husikia ngurumo tu. Simu moja iwekwe katikati ya meza na nyingine zote zizimwe sauti, la sivyo mwangwi utawafukuza. Asemaye aanze kwa jina lake. Mwenyekiti awape neno wa mbali kwanza, ndipo wa chumbani. Kura ipigwe kwa kuita majina, si kwa kunyosha mikono ambayo mwenzetu haioni. Mtandao ukikatika wakati wa kura, tungoje. Mwenye simu ndogo ya tochi apigiwe simu ya kawaida, iwekwe sauti ya juu karibu na ile ya mezani; si vizuri sana, lakini atasikia na atajibu.

Juu ya gharama, fedha ya nauli iliyobaki ni yao waliobaki nyumbani. Mweka hazina awanunulie megabaiti kabla ya siku ya mkutano, na aandike katika daftari, fungu lile lile la usafiri.