Je, Wajua? Nahodha aliyeukimbia ushindi

Je, wajua kwamba kuna baharia aliyekuwa na nafasi nzuri ya kushinda mashindano ya kuizunguka dunia, kisha akageuza usukani na kuyapa kisogo?

Huyo ni Mfaransa Bernard Moitessier, aliyezaliwa Hanoi mwaka 1925. Agosti 1968 aling'oa nanga Plymouth, Uingereza, akiwa peke yake. Masharti yalikuwa magumu: kuizunguka dunia kwa tanga bila kutia nanga bandari yoyote. Zawadi ya atakayetumia siku chache zaidi ilikuwa pauni 5,000.

Chombo chake, Joshua, kilikuwa cha chuma, urefu wa mita 12 hivi, na milingoti yake miwili ilitokana na nguzo za simu. Redio ya kurushia habari aliikataa. Ujumbe aliufunga ndani ya kopo, akalivurumisha kwa manati hadi kwenye sitaha ya meli iliyopita karibu.

Machi 1969, karibu na Cape Town, manati hiyo ilipeleka habari ya kushangaza: harudi Ulaya. Baharini ana furaha, na huenda huko ataiokoa nafsi yake. Akavuka tena Bahari ya Hindi, akafika Tahiti mwezi Juni, baada ya miezi kumi majini.

Kati ya mabaharia tisa walioanza, aliyemaliza ni mmoja tu: Robin Knox-Johnston wa Uingereza.