Dago la Wavuvi wa Kibajuni: Bahari, Samaki na Maneno Yake

Katika pwani ya kaskazini ya Kenya, kati ya kisiwa cha Pate na mpaka wa Somalia, neno dago lina maana ya kambi ya muda ambayo wavuvi huiweka karibu na mahali pa kuvulia. Wavuvi wa Kibajuni wa Kizingitini, Faza na vijiji jirani huacha nyumba zao, wakaenda upande wa Kiwayu, Mkokoni au Kiunga, na kukaa dagoni kwa majuma au hata miezi. Makala haya yanaeleza jinsi wanavyoigawanya bahari ya huko, samaki wanaopatikana katika kila sehemu, na sababu za elimu hiyo kuwa hatarini.

Sehemu ya kwanza ni mikono ya bahari iingiayo katika mikoko. Humo hupatikana kaa, kamba wadogo na mkizi. Sehemu ya pili ni maji mafupi yenye majani ya bahari, malisho ya tasi, na pia ya kasa na nguva, ambao sheria inakataza kuwavua. Ya tatu ni miamba ya matumbawe inayozunguka visiwa vidogo zaidi ya 50 vilivyopangana sambamba na pwani. Hapo ndipo makao ya changu, pono, tewa, pweza na kamba mawe. Ya nne ni kilindi nje ya mwamba, wanamopita nguru, jodari na papa.

Mvuvi hachagui sehemu hizo apendavyo, kwani pepo ndizo zinazoamua. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi huwa makali, na vyombo vingi hubaki ndani ya mwamba. Kaskazi ifikapo, yapata Desemba hadi Machi, bahari hutulia, maji huwa maangavu, na milango ya kwenda nje hufunguka. Huo ndio msimu mkuu wa dago.

Baada ya upepo hufuata mwezi. Msomaji aliyezoea ziwa Tanganyika anajua kwamba mvuvi wa ndakala hutafuta usiku wa giza ili taa yake ivute samaki. Baharini mwezi una kazi nyingine pia, nayo ni kutawala kupwa na kujaa kwa maji. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua: maji hupwa sana, mwamba ukawa wazi, na watafutaji wa pweza hutembea juu yake kwa miguu. Kati ya nyakati hizo huja maji mafu, mkondo ukapungua nguvu, na mzamiaji akaweza kuzama bila kuchukuliwa.

Mzamiaji huyo hutafuta hasa kamba mawe, wenye bei kubwa kuliko samaki wengi. Mbinu yake yategemea uadui wa viumbe wawili: pweza humla kamba. Mvuvi humfunga pweza kwenye ncha ya kijiti na kumwingiza pangoni; kamba hutoka kwa hofu, akanaswa na wavu mdogo uliowekwa tayari mlangoni.

Majina ya samaki nayo yana faida kwa mwanaisimu. Tewa wa kaskazini ndiye chewa wa Unguja, kama vile mato yalivyo macho na mtanga ulivyo mchanga. Vilevile tasi ndiye tafi wa kusini. Hivyo orodha ya samaki wa dago moja ni ushahidi wa historia ya lahaja za Kiswahili.

Lakini dago limepata misukosuko mingi. Vita vya miaka ya 1960 mpakani viliwahamisha wakazi wengi wa bara hadi visiwani. Mwaka 1979 eneo la Kiunga lilifanywa hifadhi ya bahari, na mwaka 1998 joto la maji liliua matumbawe mengi. Katika muongo wa 2010 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama, hali jarife hutegwa usiku. Ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, uligusa maeneo ya kuvulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Fedha zaweza kufidia samaki wasiovuliwa. Elimu ya dago haina fidia ya namna hiyo, kwani kijana huipata kwa kulala kambini na wazee, akijifunza jina la kila mwamba na saa ya kuuendea. Mvuvi asipofika tena kwenye mwamba, mwanawe hatakuwa na haja ya kulijua jina lake. Kwa hiyo kuyakusanya maneno hayo, wangali wapo wanaoyatumia kazini, ni wajibu wa watafiti wa Kiswahili popote walipo.