Hata daktari huambukizwa: Mkinge naye akutibu

Mganga hajigangi, walinena wahenga. Hata hivyo, watu wengi mijini huamini kwamba daktari au muuguzi, kwa kuwa hushinda na wagonjwa kutwa, mwili wake umezoea viini vya maradhi na hauambukizwi kwa urahisi. Mpenzi msomaji, hiyo si kweli, na janga la Covid-19 lilitufunza hivyo kwa uchungu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021, wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki ulimwenguni kwa ugonjwa huo. Hapa Kenya pia tulizika madaktari na wauguzi.

Kwa nini mhudumu yumo hatarini zaidi? Kwanza ni muda. Wewe hukaa na anayekohoa kwa dakika chache ndani ya matatu. Muuguzi hukaa naye zamu nzima. Pili ni kazi yenyewe. Kumpitishia mgonjwa mpira kooni ili apumue kwa mashine hurusha hewani matone madogo yenye virusi. Tatu, mhudumu ni mwananchi kama wewe: naye hupanda matatu na kwenda sokoni.

Kati ya Julai na Desemba 2020, kabla ya chanjo kufika nchini, watafiti walipima damu ya wahudumu wa afya wakitafuta kingamwili, yaani wale askari wa mwili wanaoonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Nairobi walipatikana kwa karibu wahudumu 44 katika kila 100. Busia karibu 13 na Kilifi karibu 12. Aina ya kazi ya mhudumu haikuleta tofauti ya maana. Mahali anapoishi na kufanya kazi ndipo palipoleta tofauti.

Je, aliyepona ana kinga ya kudumu? La. Kingamwili hupungua baada ya miezi kadhaa, na virusi navyo hubadilika. Aina ya Omicron, iliyotangazwa Novemba 2021, iliwaambukiza wengi waliokuwa wameugua au kuchanjwa. Lakini mwili haubaki mtupu. Zipo chembe zinazomkumbuka adui, na akirudi humkabili upesi. Ndiyo sababu wengi walioambukizwa tena hawakuugua vibaya. Chanjo huzifunza chembe hizo bila mtu kuugua kwanza, na kwa hivyo wahudumu wa afya walitangulizwa chanjo ilipoanza kutolewa nchini Machi 2021. Hata hivyo, aliyechanjwa aweza bado kuambukizwa na kuambukiza wengine.

WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 2023, lakini virusi hivyo vingalipo. Kifua kikuu na homa ya mafua pia huenea kwa hewa. Kwa hivyo, uendapo hospitalini:

• Ikiwa unakohoa, sema mara tu ufikapo mapokezi, na ufunike mdomo na pua.

• Usifiche kwamba kuna mwingine anayeugua nyumbani.

• Usiudhike ukiambiwa ungoje nje au madirisha yakifunguliwa. Hewa safi hupunguza viini.

• Usiende na jamaa wengi kumtazama mgonjwa.

Nanyi wahudumu wenzangu, pateni chanjo zote zinazowafaa, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B. Msilegeze tahadhari kwenye chumba cha chai, kwani mwenzako pia aweza kukuambukiza. Nao waajiri wasimkate mshahara muuguzi anayebaki nyumbani kwa sababu ni mgonjwa. Akilazimika kuja kazini na homa, atakayeambukizwa huenda akawa mtoto wako aliyelazwa kwa kuvunjika mguu tu.