Mbao za bunduki kuukuu: Hatari ya msasa na hekima ya mafuta

FUNDI asiye na subira akikabidhiwa bunduki ya zamani, jambo la kwanza afanyalo ni kutafuta msasa. Huzisugua mbao hadi zikang'aa, akazipaka vanishi, kisha akamrejeshea mwenyewe kitu kinachopendeza macho. Asichofahamu ni kwamba kwa muda wa saa chache amefuta kumbukumbu ya karibu miaka mia moja, wala hakuna ufundi uwezao kuirejesha.

Kosa hilo huzikumba sana bunduki aina ya Lee-Enfield, ambazo majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalizitumia katika vita vyote viwili vya dunia. Jina la kwanza ni la James Paris Lee, mzaliwa wa Uskoti aliyekulia Kanada, ambaye ndiye aliyebuni mtambo wake. La pili ni la Enfield, kaskazini mwa London, palipokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali. Bunduki hiyo iliidhinishwa mwaka wa 1895, na ile fupi iliyofahamika kama SMLE ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20.

Silaha hizo si ngeni Afrika Mashariki. Askari wa King's African Rifles (KAR) walizibeba, na miongoni mwao ni wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopita katika bonde la Kabaw, nchini Burma, mvua kubwa za msimu zikiwanyeshea mwaka wa 1944. Katika mazingira kama hayo, adui wa bunduki si kutu pekee. Mti nao hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea na kupasuka.

Ndiyo sababu jeshi la Uingereza lilitegemea mafuta ya kitani, yanayokamuliwa kutoka kwa mbegu za mmea uleule ambao nyuzi zake hufumwa nguo za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka. Hukutana na hewa ya oksijeni, yakabadilika polepole na kuwa utando mgumu ndani ya vinyweleo vya mti. Utando huo hauzuii maji kabisa, bali huyachelewesha. Aidha, tofauti na vanishi, ukichakaa huongezwa mafuta bila kubanduliwa.

Mbao za awali zilikuwa aghalabu za mjozi, mti mgumu wenye rangi ya kahawia iliyokolea. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, miti mingine iliyopatikana kwa urahisi zaidi ilitumiwa. Kiwanda cha Lithgow, nchini Australia, kilitumia miti ya nchi hiyo. Kwa hivyo, rangi na nyuzi za mbao humweleza mjuzi mahali na wakati ambapo bunduki ilitengenezwa.

Zaidi ya rangi, kuna alama. Wakaguzi wa kiwandani waligonga mihuri midogo ya taji kwenye mti, na mali ya serikali ikatiwa alama ya mshale. Katika SMLE nyingi, nambari ya bunduki hupatikana pia chini ya mbao ya mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Nambari hiyo ikilingana na ile ya chuma, ni ushahidi kwamba mti na chuma havijatengana tangu kiwandani. Mihuri hiyo ina kina kidogo mno, na msasa ukipita mara chache tu, imekwenda.

Kabla ya kazi kuanza, sharti bunduki ikaguliwe na kuthibitishwa kuwa haina risasi. Silaha haigeuki pambo kwa sababu ya uzee wake. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti, na anayezirekebisha kwa biashara awe amesajiliwa.

Hatua inayofuata ni kutenganisha mti na chuma, na hapa ndipo wengi huharibu. Mti wa Lee-Enfield una sehemu kuu mbili: kitako, na mbao ya mbele inayoukumbatia mtutu. Kitako hushikiliwa na bolti ndefu ipitayo ndani yake. Katika SMLE, ncha ya bolti hiyo ina umbo la mraba na hutokeza hadi ikashikwa na mbao ya mbele. Fundi akiizungusha kabla ya kuiondoa mbao hiyo, mraba huipasua kutoka ndani. Kanuni basi ni moja: mbao ya mbele hutoka kwanza, kitako baadaye.

Uchafu wa miaka mingi huondolewa kwa kitambaa kilicholoweshwa tapentaini kidogo, si kwa kukwaruza. Mahali palipobonyea, fundi huweka kitambaa kibichi na kukigusisha pasi ya moto. Mvuke huingia katika nyuzi zilizogandamizwa, zikainuka. Hata hivyo, njia hii isitumiwe juu ya mihuri, kwa kuwa mvuke hautofautishi shimo la ajali na alama ya mkaguzi. Vyote huinuliwa.

Ufa nao usifunikwe kwa mafuta. Sehemu ya nyuma ya mbao ya mbele, inapokutana na chuma, ndiyo inayopokea kishindo risasi inapofyatuliwa. Mti ukinywea hapo, nafasi huachwa, na kila mlio wa bunduki huugonga hadi ukapasuka. Ufa wa aina hiyo hutiwa gundi na kubanwa kabla ya mafuta kupakwa, kwani gundi haishiki vyema mahali palipolowa mafuta.

Mbao zikikauka, ndipo mafuta hupakwa. Kiasi kidogo huwekwa kiganjani na kusuguliwa hadi joto la mkono liyasukume ndani. Baada ya dakika 15 au 20, yaliyobaki juu hupanguswa yote, kwa maana tabaka nene hubaki likinata na kuvuta vumbi. Mafuta mabichi ya kitani huchukua siku nyingi kukauka. Yale yauzwayo kwa jina la "yaliyochemshwa" hukauka haraka zaidi kwa sababu hutiwa chumvi za madini. Mafundi wa zamani wana msemo kuhusu ratiba yake: mara moja kwa siku kwa wiki moja, mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mmoja, kisha mara moja kila mwaka maishani.

Kazi ikiisha, hatari kubwa kuliko zote huwa imelala sakafuni: kitambaa kilichotumiwa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Vitambaa vikirundikwa pamoja, joto hilo hukosa pa kutokea, likapanda hadi vikawaka moto vyenyewe bila kiberiti wala cheche.

Hilo si jambo la kubuni. Mnamo Februari 1991, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jumba la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani. Chanzo kilikuwa vitambaa vyenye mafuta ya kitani vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakirekebisha mbao za kuta. Wazima moto watatu walifariki.

Kwa sababu hiyo, kila kitambaa kitandazwe peke yake nje hadi kikauke na kukakamaa, au kitumbukizwe katika mkebe wa chuma wenye maji na kufunikwa. Kisikunjwe wala kutupwa pipani kikiwa kibichi.

Mbao zilizotunzwa hivyo hazitang'aa kama mpya. Zitabaki na mikwaruzo ya safari, weusi wa viganja vya askari na mihuri ya watu waliokwisha kufariki. Huo si uchafu. Ni ushahidi, na kazi ya fundi ni kuulinda usipotee mikononi mwake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haraka haraka haina baraka.