Unyumba Baada ya Mionzi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika wakati upasuaji hauwezi tena kutosha. Tegemeo lao ni mionzi: kwanza ya nje, siku 5 kwa wiki kwa wiki 5 hivi, kisha ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi hupitishwa ukeni hadi karibu na uvimbe. Tiba hiyo huokoa maisha. Lakini huunguza pia ngozi laini ya uke, na ngozi hiyo ikipona huacha makovu. Kovu hukaza, kuta hugandana, njia inakuwa nyembamba na fupi. Ovari nazo huzimika, hata mama wa miaka 38 akakoma hedhi ghafla na kukaukiwa na ute.

Akijaribu tendo la ndoa, anaumia. Mume anashtuka, anadhani amemjeruhi. Moyoni ana maswali mawili ambayo hana wa kumuuliza: je, saratani itaniingia? Mionzi bado imo mwilini mwake? Anaanza kulala sebuleni, na mke anaamini ameshaachwa.

Saratani haiambukizwi kitandani. Kinachoambukizwa ni kirusi kinachoisababisha, HPV, na mara nyingi wenza walishakutana nacho miaka mingi kabla ya ugonjwa kujitokeza. Mionzi nayo haibaki: chanzo kikishatolewa, imekwisha.

Kuziba kwa njia kunaweza kupunguzwa sana kazi ikianza mapema. Wiki chache baada ya tiba, daktari akiruhusu, mwanamke hutumia kifaa laini cha plastiki kinachofanana na kidole kinene, au kidole chake mwenyewe kilicho safi. Analala chali, magoti ameyakunja, anapaka kilainishi cha maji, anaingiza taratibu huku akishusha pumzi, anakiacha dakika 5 hadi 10. Mara 2 au 3 kwa wiki, kwa miezi mingi. Mafuta ya mgando yasitumike pamoja na kondomu, kwa kuwa huipasua, na baadhi ya akina mama hawa wanaishi na VVU. Wakati huo wote kukumbatiana, kukandana na kuogeshana hakuhitaji ruhusa ya daktari.

Binti wa pwani akiolewa hupewa somo wa kumfunda mambo ya chumbani. Mgonjwa huyu anarudi nyumbani na mwili mgeni kabisa, na hapewi mtu. Kumsubiri aulize mwenyewe ni kumtelekeza, maana hakulelewa kutaja uke mbele ya daktari kijana. Aelezwe kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, na nesi wa kike, mume akiwepo kama mke anaridhia.

Aambiwe na hili: matone machache ya damu siku za mwanzo ni ya kawaida. Damu ikizidi, au ikirudi miezi kadhaa baadaye, aende kliniki bila kungoja tarehe yake.